Tulivyoipamba Siku ya Shule



Huenda nawe una mtoto shuleni. Au una mjukuu. Kila shule huwa na siku yake kubwa katika mwaka. Katika kijiji ninachofanyia kazi, siku hiyo ni ya kuwaaga watoto wa darasa la saba. Watoto hufanya mtihani mwezi wa Septemba. Baada ya siku chache wazazi hualikwa shuleni. Kuna ngoma, kuna ngonjera, kuna hotuba na kuna pilau. Na kuna mapambo.

Habari yangu ya leo ni ya hayo mapambo. Utaniambia, "Mapambo ni kitu gani? Ni jambo la watoto." Hata mimi nilisema hivyo. Lakini mapambo yaliwahi kunifanya niombe radhi mbele ya darasa zima. Soma, utaona.

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Nina umri wa miaka 34. Nina cheti cha kazi hii. Kijiji chenyewe kipo Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani. Darasa letu la kisomo hukutana chini ya mwembe, siku tatu kwa juma, baada ya watu kutoka shamba. Wanakisomo ni 26. Wanawake ni 21 na wanaume ni 5. Wanaume hupenda kukaa nyuma, sijui kwa nini.

Mwaka 2021 kamati ya sherehe ilikata shauri kununua mapambo mjini. Kila mzazi aliambiwa atoe shilingi 5,000. Fedha zilikusanywa, mtu akatumwa. Alirudi na maua ya plastiki, puto, na bendera ndogo za nailoni zilizofungwa kwenye kamba. Zilipendeza, sikatai. Zilimetameta juani.

Siku ya sherehe nilikuwa nimekaa upande wa wageni. Nikamwona mama mmoja amesimama nje ya uwanja wa shule, chini ya mkorosho. Ana mtoto mdogo mgongoni. Nilimfuata.

"Mama, mbona hukai na wenzako? Mwanao anaagwa leo."

Akasema, "Mwalimu, mimi sikutoa ile elfu tano. Nitakaaje chini ya mapambo ya watu?"

Hakuna mtu aliyemfukuza. Hakuna mtu aliyemsema. Elimu ya msingi nchini haina ada, na mwanae alisoma miaka yote kama watoto wengine. Lakini elfu tano ya mapambo ilimweka mkoroshoni. Alimwona mwanae akipokea cheti kwa mbali, kama mpita njia. Nilimwomba aingie, akakataa kwa heshima. Nikarudi kwenye kiti changu. Pilau ile haikunishuka vizuri.

Baada ya sherehe upepo ulikata zile kamba. Bendera za nailoni ziliruka zikaingia mashambani na kwenye banda la mbuzi. Tulikaa mwezi mzima tunaokota. Unajua kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Sisi tuliileta plastiki kwa jina jingine, na tuliilipia.

Mwaka uliofuata, 2022, yule mama wa mkoroshoni alijiandikisha katika darasa letu la kisomo. Siku moja tulikuwa tunasoma habari ya sherehe ya mavuno. Nikauliza darasa, "Je, sherehe inaweza kupendeza bila kununua kitu mjini?"

Walicheka. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote darasani, akasema, "Mwalimu, unakaa juu ya nini?"

Nikatazama. Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka. Ulikuwa na rangi nne: nyeupe, nyekundu, kijani na zambarau. Milia yake imekwenda sawa kama iliyopigwa rula. Ameusuka yeye mwenyewe. Nilikuwa nimeukalia tangu mwezi wa Februari, na sikuwahi kuutazama.

Basi, hapo ndipo kazi ilipoanzia. Darasa letu lilikwenda kwa kamati ya sherehe na kusema: mwaka huu tuachieni sisi mapambo. Msichangishe fedha. Kila mzazi atoe kazi ya mikono au kitu cha shambani. Mwenye minazi atoe makuti. Mwenye mahindi atoe maganda. Fundi cherehani atoe vipande vya vitambaa. Asiye na kitu aje na mikono yake. Kamati ilikubali. Nadhani walikubali kwa sababu haikuwagharimu kitu.

Sasa nitakueleza tulivyofanya, maana huenda nawe utapenda kujaribu kwenu.

Kwanza tulitengeneza bendera ndogo. Fundi cherehani alitupa gunia zima la vipande vya kanga na vitenge. Tulikata pembetatu. Kila upande wa pembetatu ulikuwa sentimeta 20. Tulipima kwa rula, tukakata moja ya karatasi ngumu, halafu tukaitumia hiyo kuchorea nyingine zote. Bendera zilishonwa kwenye kamba ya katani, moja kila baada ya sentimeta 30.

Kamba ilikuwa na urefu wa mita 12. Nikaandika hesabu ubaoni. Mita 12 ni sentimeta 1,200. Ukigawa kwa 30 unapata 40. Nikasema, "Tunahitaji bendera 40."

Yule mama wa mkoroshoni akanyosha mkono. "Mwalimu, na ile ya mwanzo kabisa?"

Nikamwambia imo ndani ya hizo 40. Akasema haimo. Alichukua kijiti akachora mstari mchangani, akaweka kokoto mwanzo, kisha kokoto moja kila baada ya hatua. Tulihesabu pamoja. Nafasi zilikuwa 40, lakini kokoto zilikuwa 41. Unaweza kujaribu wewe mwenyewe kwa kamba fupi. Nilifuta ubao nikaandika 41. Mama yule alirudi kukaa, akajifanya anamtengeneza mtoto mgongoni, lakini nilimwona anatabasamu.

Pili, maua. Maua tuliyatengeneza kwa maganda ya mahindi. Usichukue ganda la nje, hilo ni gumu na lina madoa. Chukua maganda ya ndani, yaliyo laini na meupe. Yaloweshe kidogo yasivunjike. Kunja ganda moja katikati, halafu jingine juu yake, na jingine, mpaka yawe sita au saba. Funga shina kwa uzi. Kisha fungua ncha kwa vidole, moja moja. Likikauka linabaki na umbo lake. Wanaume wetu watano ndio waliokuwa hodari wa kazi hii, na hilo lilishangaza kila mtu, wao wenyewe wakiwamo.

Tatu, tao la mlangoni. Tulichimbia miti miwili ya mianzi, kila mmoja sentimeta 50 chini ya ardhi, tukaunganisha juu kwa mwanzi uliopindwa. Tukafunga makuti mabichi ya mnazi. Jambo moja tu la kukumbuka hapa: kata makuti jioni ya kuamkia sherehe, si kabla. Makuti mabichi yakikaa juani siku mbili yanajikunja na kubadilika rangi.

Nne, ukindu. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo palipokuwa na utamu, na hapa ndipo nilipoharibu.

Ukindu ni majani ya mkindu. Mkindu huota penye maji maji, bondeni na kando ya mito. Yanayochumwa ni majani machanga, kabla hayajafunguka. Bibi alitupeleka bondeni yeye mwenyewe. Mkindu huota mashina mengi pamoja, kama mgomba. Bibi hakukubali tuchume kila shina. "Ukichuma moyo wa kila shina, mwakani utasukia nini?" alisema. Tulichuma huku na huku, tukaacha mengi zaidi ya tuliyochukua.

Majani yalianikwa juani siku nne. Yalipoingia juani yalikuwa ya kijani hafifu. Yalipotoka yalikuwa meupe. Kisha yalichanwa kuwa chane nyembamba. Mchanaji mzuri hatazami mikono yake. Anaongea na wenzake huku chane zinatoka sawa sawa. Mimi nilijaribu. Chane zangu zilikuwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, wakazitumia kufungia mboga.

Zamani rangi zilitoka porini na jikoni. Mizizi ya mdaa ilitoa rangi nyeusi. Magome ya mkoko yalitoa rangi ya hudhurungi. Manjano ya kupikia yalitoa rangi ya manjano. Siku hizi wengi hutumia rangi ya unga ya dukani. Ni rahisi na inang'aa. Tulinunua pakiti chache za rangi nyekundu, kijani na zambarau. Hiyo ndiyo fedha pekee tuliyotumia, na niliitoa mimi.

Maji huchemshwa katika debe. Rangi hukorogwa ndani na chumvi kidogo. Chane hutiwa, huchemka kama nusu saa huku zikigeuzwa kwa kijiti. Kisha huopolewa. Halafu, kwa desturi ya Bibi, husuuzwa kwa maji matatu. Yaani unasuuza, unamwaga, unatia maji mengine, unasuuza, unamwaga, unatia tena. Maji ya tatu yakitoka meupe, umemaliza. Yakitoka na rangi, unaongeza ya nne.

Tulikusudia kusuka mataji. Kila mtoto wa darasa la saba avae taji la ukindu siku ya kuagwa. Watoto walikuwa 42. Taji ni ukili mfupi, upana wa vidole vitatu, unaozungushwa na kushonwa. Kila mama alipima kichwa cha mtoto wake kwa kamba na kuandika jina la mtoto kwenye karatasi iliyofungwa kwenye kamba hiyo. Kwa akina mama wengine ilikuwa mara ya kwanza kuandika jina la mtoto wao. Mmoja aliliandika, akalitazama, akaniuliza, "Ndilo lenyewe?" Ndilo lilikuwa lenyewe.

Zilibaki siku tano. Ukindu wa rangi ulikuwa haujaanza hata kusukwa. Na wakati huo wa mwaka kisima chetu huwa kimepungua. Mtu anaweza kukaa foleni saa mbili kwa debe moja. Mtoni maji yapo, lakini mtoni kuna mamba. Rangi tatu, kila moja maji matatu, kila maji debe moja. Ni madebe tisa.

Nilitazama ile foleni ya kisimani. Nikatazama kalenda. Nikasema, "Jamani, suuzeni mara moja tu. Mara moja inatosha. Kazi ni nyingi."

Bibi akasema, "Mwalimu, maji ya kwanza yametoka mekundu kama damu."

Nikamjibu, "Bibi, haya ni mataji ya siku moja. Si mkeka wa miaka kumi."

Alinyamaza. Angeweza kubishana nami, lakini mimi ndiye mwalimu, na watu wa rika lake wanamheshimu mwalimu hata akiwa mdogo kama mjukuu. Chane zilisuuzwa mara moja, zikaanikwa, zikasukwa. Usiku wa kuamkia sherehe mataji 42 yalikuwa yamepangwa juu ya meza. Ni kazi ya mikono iliyonipendeza kuliko yoyote niliyowahi kuiona. Nililala na furaha.

Asubuhi watu walipoingia uwanjani walisimama kutazama. Bendera za kanga zilikuwa zinapepea. Maua ya mahindi yalikuwa kila dirisha. Mama wa mkoroshoni alikaa mstari wa mbele. Alikuwa anawaonyesha jirani zake bendera alizoshona yeye, akihesabu kwa kidole.

Watoto waliingia na mataji yao. Mashati meupe, sketi na kaptula za buluu, mataji ya rangi tatu. Watu walipiga vigelegele. Ngoma ikaanza. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Watoto walicheza kwa nguvu, na walitoka jasho.

Kwanza niliona mstari mwekundu kwenye paji la uso la mtoto mmoja wa kike. Nikadhani amejikuna. Kisha nikaona mwingine. Kisha mama mmoja akapiga kelele, "Damu! Mtoto anatoka damu!" Watu waliinuka. Wengine waliruka viti kuwafuata watoto wao. Ngoma ilisimama.

Haikuwa damu. Ilikuwa rangi. Jasho lilikuwa limelowesha mataji, na rangi iliyobaki kwenye ukindu ilishuka na jasho. Ilipita kwenye nyuso, ikaingia shingoni, ikafika kwenye mashati. Nyekundu, kijani, zambarau. Watoto waliojifuta kwa mikono walizidi kuisambaza. Baadhi yao walilia. Wengine walicheka, maana watoto ni watoto. Wazazi hawakucheka.

Nataka uelewe, ndugu msomaji, kwa nini hawakucheka. Mtoto wa kijijini huwa na shati moja jeupe la shule. Shati lile lile ndilo ambalo wengi walitegemea liende nalo sekondari. Mzazi amelifua, amelipiga pasi ya mkaa, amelitunza. Sasa limekuwa kama kitambaa cha kufutia brashi ya rangi. Na haya mataji hayakuletwa na mtu wa mjini. Yalisukwa na akina mama wenyewe. Kwa hiyo lawama ziliwaangukia wao. Nilimsikia mtu akisema, "Ndiyo mambo ya kisomo hayo. Tungenunua mapambo dukani kama mwaka jana."

Bibi alikuwa amekaa kimya. Angeweza kusimama na kusema, "Mwalimu ndiye aliyetuzuia kusuuza." Hakusema. Hilo liliniuma kuliko lawama zote.

Nilisimama mimi. Nilisema mbele ya watu wote kwamba akina mama walitaka kusuuza mara tatu, na mimi ndiye niliyewaambia wasuuze mara moja. Nilisema kosa ni langu. Sauti yangu haikuwa na nguvu, lakini kila mtu alisikia.

Kesho yake tulikusanya mashati yote. Tuliyalowesha katika maji baridi, tukayafua kwa sabuni ya mche, tukayaanika juani yakiwa bado na povu, tukayafua tena. Siku tatu tulifanya hivyo. Mashati 31 yalitakata. Mashati 11 yalibaki na madoa. Hayo niliyanunua mengine kwa mshahara wangu, kwa miezi miwili. Sikusema hili ili unisifu. Nimesema ili ujue bei ya madebe sita ya maji.

Darasa lilipokutana tena nilimwendea Bibi kabla hajakaa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, nimekuja kukuomba radhi. Ulinieleza, sikukusikia."

Akanitazama. "Mwalimu, ile a, e, i, o, u, ulitusomesha mara ngapi?"

"Mara nyingi, Bibi."

"Wala hukuchoka. Ulisema tusipoirudia haitashika." Akakunja kanga yake vizuri, akakaa. "Basi rangi nayo ndiyo hivyo hivyo."

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka. Cheti changu kina masomo mengi, lakini somo la ukindu halimo. Tangu siku hiyo, kila Jumatano nusu saa ya kwanza ni ya Bibi. Yeye anafundisha kusuka, na mimi nakaa na wanafunzi. Wanaandika wanachojifunza katika madaftari yao: majina ya misuko, vipimo, muda wa kuchemsha. Baadhi ya maneno hayo sikuyajua. Nayaandika nami.

Mwaka 2023 watu wengine katika kamati hawakutaka tena kusikia habari ya mikono. Walitaka turudi kwenye duka. Siwalaumu. Ni akina mama waliokwenda kuwaona. Mimi nilikaa nyumbani kwa makusudi. Waliomba nafasi moja tu zaidi, na walikubaliwa kwa sharti kwamba mataji yajaribiwe mbele ya kamati kabla mtoto yeyote hajavaa.

Safari hii tulianza mwezi wa Juni, baada ya masika, kisima kikiwa na maji ya kutosha. Hilo ni jambo ambalo tungeliweza kulifanya hata mwaka wa kwanza, kama mtu angefikiri. Chane zilitiwa rangi, zikasuuzwa maji matatu. Nyekundu ilihitaji maji matano. Zilianikwa kivulini. Kila fungu lilipokauka, Bibi alichukua kitambaa cheupe, akakilowesha, akaliminya fungu ndani yake kwa nguvu. Kitambaa kikitoka na rangi, fungu linarudi kwenye maji. Unaweza kufanya hivyo nawe. Haigharimu kitu.

Tuliongeza jambo moja jipya. Badala ya bango la karatasi, tulitandaza mkeka mweupe, tukashonea juu yake herufi kubwa za ukili mwekundu: KARIBUNI. Zilishonwa kwa shazia, yaani sindano nene ya mikeka. Wanakisomo waligawana herufi. Mama wa mkoroshoni alipewa N. Aliishona jioni kwa taa, na asubuhi akaja mbio nyumbani kwangu na mkeka kichwani.

"Mwalimu, hii N imegeuka! Inatazama kule!"

Ilikuwa imegeuka kweli. Mimi nilikuwa nimeupita mkeka ule mara mbili usiku ule bila kuona. Aliifumua, akaishona upya. Mwaka mmoja nyuma asingejua N inatazama wapi.

Siku ya kujaribu mataji, kamati ilikaa kwenye benchi. Mwenyekiti akauliza, "Haya, tutajuaje?"

Bibi aliingiza mkono kwenye kikapu, akatoa taji moja kubwa, jekundu tupu. Halikuwa la kichwa cha mtoto. Akalichovya kwenye ndoo ya maji mpaka likalowa kabisa, akaja nalo mpaka nilipokaa. Nilikuwa nimevaa shati langu jeupe, lile la kwendea wilayani.

"Vaa, Mwalimu," akasema. "Wewe kwanza."

Nililivaa. Wakanipeleka katikati ya uwanja, saa saba mchana, wakapiga ngoma. Nilicheza mpaka miguu ikachoka na maji yakanishuka mgongoni. Kamati ilisimama kunizunguka, ikinitazama shingo kama wanunuzi wa ng'ombe. Waliinua kola. Walitazama mabega. Mwenyekiti alipitisha leso yake nyeupe kwenye paji la uso wangu, akaifungua mbele ya watu.

Ilikuwa na jasho tu.